Ratiba ya China na Tibet hupangwa kuanzia Lhasa

Wengi mnaoingia kwenye kazi ya kuongoza makundi ya wageni kutoka Afrika Mashariki kwenda China mmetokea upande wa biashara. Guangzhou mnaijua, watu mmeshawapokea uwanja wa ndege na kuwazungusha masokoni, na Kichina cha kupatana bei mnacho. Siku moja ofisi inakukabidhi ratiba ya wiki mbili: Beijing, Xi'an, Lhasa, Chengdu. Unaiona ni kazi ileile, umeongezewa mji mmoja tu. Basi jua kwamba huo mji mmoja, Lhasa, mji mkuu wa Tibet, ndio unaoamua mingine ikae wapi, watu walale saa ngapi, na nani asiende kabisa.

Anza na kibali. Mgeni yeyote mwenye pasipoti ya nje, hata mwanafunzi wetu aliyekaa Wuhan miaka mitano, haingii Tibet bila kibali maalumu, na hicho kibali hakiombi mwenyewe. Kinaombwa na kampuni ya utalii iliyoruhusiwa, baada ya viza ya China kutoka, pamoja na ratiba iliyokwisha kupangwa, gari na mwongozaji wa kule. Wanahabari na wanadiplomasia hawapiti kwenye mlango huu wa kitalii, kwa hiyo uliza kazi ya kila mtu mapema, na mtu asikudanganye. Jipe wiki kadhaa, usibane. Halafu kumbuka kwamba kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Februari na kuingia Machi, kwa kawaida Tibet hufungwa kwa wageni. Mteja akikuomba safari ya Machi, mwambie hapana siku hiyohiyo. Usimwambie utajaribu.

Majina nayo yana mambo yake. Pasipoti zetu zina majina matatu, na baadhi ya watu hujitambulisha kwa mawili. Wakala anapokea orodha kwa simu, anaandika "Asha Juma", pasipoti inasema Asha Juma Mwinyi, tiketi ya ndege imekatwa kwa namna ya tatu. Mjini kosa hilo unaweza kulibembeleza kaunta. Kwenye ndege ya Lhasa, ambako wanataka kuona kibali chenyewe na si picha kwenye simu, halibembelezeki. Mimi huomba picha ya ukurasa wa pasipoti wa kila mtu na kunakili herufi kwa herufi, na nawakataza watu kubadilisha pasipoti kati ya kuomba kibali na kusafiri. Namba ikibadilika, kibali kimekufa.

Sasa tuje kwenye mwinuko, maana hapa ndipo kazi ilipo. Lhasa iko mita 3,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayeijua njia ya Marangu ya Kilimanjaro aikumbuke Horombo: kambi ile ipo mita 3,720. Lakini Horombo mgeni hufika kwa miguu siku ya pili, amelala Mandara, na njia nzima mwongozaji anamwambia pole pole. Lhasa mtu anapanda ndege Chengdu, mji ulio kwenye mita 500 hivi, anapewa juisi na karanga, na baada ya saa mbili na ushee anateremka kwenye hewa ambayo oksijeni yake ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani. Hajatoka jasho, kwa hiyo haamini kwamba amepanda mlima. Anabeba sanduku lake mwenyewe, anapiga simu nyumbani, anacheka kwa sauti. Usiku ndipo kichwa kinapomgonga.

Na kuna tofauti ya pili, ambayo hata waongozaji wa Moshi wakija huku huwachukua muda kuielewa. Kilimanjaro mtu akizidiwa kambi ya Kibo usiku unamteremsha, na ukifika naye Horombo ameshuka mita elfu nzima. Dawa ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, na mlimani chini kuko karibu. Tibet ni uwanda wa juu. Ukitoka Lhasa kwa gari unaweza kwenda siku nzima na bado uko juu ya mita 3,500. Kushuka kwa haraka maana yake ni kiti kwenye ndege ya kurudi Chengdu. Kwa hiyo tiketi za kundi ziwe za aina inayobadilishika, na hela ya dharura iwe mkononi mwako, si ofisini Dar es Salaam ambako wakati huo wamelala.

Hii ndiyo sababu nasema ratiba ipangwe kuanzia Lhasa kurudi nyuma. Ratiba nyingi za maofisini huweka Beijing siku tatu za mbio, kasri asubuhi, Ukuta Mkuu mchana, soko usiku, kisha treni ya kasi hadi Xi'an, jeshi la udongo, tena usiku wa mtaani, alfajiri uwanja wa ndege. Mtu anafika Lhasa akiwa na usingizi wa saa nne na mafua ya kiyoyozi. Halafu tunasema mwinuko umemshinda. Mwinuko umemkuta ameshachoka. Ukiweza kukata kitu, kata Beijing. Siku moja ya kupumzika kabla ya kupanda ina faida kuliko makumbusho mawili.

Ninavyopenda mimi ni kupitia Xining. Mji huo upo mita 2,275 hivi, unafikika kwa treni kutoka Xi'an, na ukilaza watu pale usiku mbili mwili unaanza kuzoea bila mtu kujua. Kuna jambo jingine zuri kwa makundi yetu: Xining ina Waislamu wengi, migahawa ya halali ipo kila kona, supu ya tambi na nyama ya kondoo, mkate mkubwa wa duara. Wazee wa Tanga na Mombasa ambao Beijing walikuwa wanaishi kwa mayai na ndizi hufunguka hapo. Nje kidogo ya mji ipo monasteri ya Kumbum, ambayo Wachina huiita Ta'er, mahali alipozaliwa Tsongkhapa mwaka 1357. Huyu ndiye aliyeanzisha madhehebu ya Gelug ya Ubuddha wa Tibet, na mwaka 1409 akajenga monasteri ya Ganden karibu na Lhasa. Ukiwaeleza wageni habari zake hapo Kumbum, mkifika Lhasa majina hayatakuwa mageni, kila sanamu ya mtawa mwenye kofia ya njano wataiulizia wenyewe.

Kutoka Xining unapanda treni ya uwandani. Reli hiyo hadi Lhasa ina kilomita 1,956, na kipande cha Golmud kwenda Lhasa kilifunguliwa Julai 2006. Safari ni saa 21 hivi. Inapita njia ya mlimani ya Tanggula, mita 5,072, juu kuliko kilele cha Lenana cha Mlima Kenya, na kila kitanda kina tundu la oksijeni. Lakini usiwauzie watu treni kama dawa. Inapanda haraka, watu hawalali vizuri, vyoo vinajijua vyenyewe. Waambie ukweli: wanapanda kwa ajili ya dirisha. Mimi huwaamsha kabla ya Tanggula, na mara nyingi tunawaona swala wa Tibet wamesimama mbali, wadogo kama alama za wino, na mtu aliyekulia jirani na Serengeti anabishana na mwenzake kama ni swala au mbuzi.

Kabla ya kumwandikisha mtu, muulize afya bila haya. Presha, moyo, pumu, mimba. Na kwa watu wetu liko swali ambalo fomu za mawakala wa China huwa haziulizi: selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipande, basi. Hata aliyerithi upande mmoja tu, ambaye nyumbani hajawahi kuumwa, anaweza kupata maumivu makali ya wengu kwenye mwinuko, kwa hiyo naye aonane na daktari kwanza. Wengi hawajui hali zao, kwa hiyo washauri wapime. Kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, anayeandika dozi ni daktari, si wewe. Kazi yako ni kuwaambia mapema kwamba inakojoza na kutekenya vidole, na kwamba mwenye mzio wa dawa za salfa lazima amtajie daktari.

Siku ya kwanza Lhasa hakuna kinachofanyika. Hoteli, maji, supu, kitanda. Pombe marufuku, na sigara punguza. Mwongozaji wa kule atawaambia pia wasioge usiku wa kwanza, kwa hofu ya baridi. Sijui kama kuna ubaya wowote wa kuoga, lakini usibishane naye mbele ya wageni kwa jambo dogo namna hiyo. Kichwa kuuma kidogo na usingizi wa mang'amung'amu ni kawaida. Usiyoyavumilia ni haya: mtu anahema akiwa amekaa, kikohozi chenye povu, maneno yanachanganyika, au anashindwa kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari wa vigae vya ukumbini. Huyo haendi kulala aone asubuhi. Anakwenda hospitali saa hiyohiyo, na wewe unaanza kutafuta kiti cha ndege.

Potala iwekwe siku ya tatu. Kasri lile, alilolianza Dalai Lama wa Tano, kiongozi wa dini wa Watibeti, mwaka 1645, limepanda ghorofa 13 juu ya kilima chake, na ngazi zake zinamnyoosha hata kijana. Tiketi ina saa yake, ndani mnapewa kama saa moja, na maji na viberiti hubaki langoni. Panga wanaokwenda polepole mbele ya kundi, siyo nyuma. Wakiwa nyuma watajilazimisha kuwafikia wenzao.

Jokhang na mtaa wa Barkhor unaolizunguka hekalu hilo ndipo wageni wengi hupapenda zaidi, na mtaani hapo Barkhor wanaruhusiwa kutembea wenyewe. Wafundishe mambo machache. Mzunguko ni wa kufuata mkono wa saa, usikate kinyume ya watu wanaosali. Kofia vua, kizingiti ruka usikikanyage, ndani usipige picha. Anayejilaza kifudifudi barabarani kwa ibada si onyesho. Yupo atakayeinua simu, mshushe mkono kwa upole. Alasiri wapeleke Sera, monasteri ya mwaka 1419, kwenye ua ambako watawa hufanya mijadala. Mmoja ameketi chini, mwenzake amesimama mbele yake na swali. Akimaliza kuuliza anarudisha mkono wa kulia nyuma, anakanyaga kwa mguu wa kushoto na kugonganisha viganja kwa kishindo mbele ya uso wa aliyeketi, karibu kabisa bila kumgusa. Aliyeketi anajibu au anakwama, na akikwama wenzake wanamzomea. Wageni wetu hawahitaji tafsiri. Wamekulia kwenye vijiwe vya kahawa.

Chakula cha huko kina mtihani. Chai ya siagi ya yaki, ng'ombe wa manyoya wa kule, ina chumvi, na unga wa shayiri uliokaangwa, tsampa, si kila mtu ataumeza. Lakini Lhasa ina vibanda vya chai tamu ya maziwa, inamiminwa kutoka chupa kubwa ya joto, bei ndogo, watu wamebanana kwenye mabenchi. Wapeleke huko siku ya pili asubuhi. Watakusamehe mengine yote. Saa ziangalie pia: China nzima inatumia saa ya Beijing, kwa hiyo Desemba saa mbili asubuhi Lhasa bado ni giza, na kiamsha kinywa cha saa moja ni adhabu.

Kuhusu siasa nitasema kwa ufupi. Usiruhusu mgeni amhoji mwongozaji wa Kitibeti kuhusu serikali au Dalai Lama, hata kwa nia njema. Mgeni ataruka kurudi Nairobi, yule ana leseni na familia. Picha za Dalai Lama zisiwe kwenye mizigo wala kwenye simu, na askari na vizuizi visipigwe picha. Yaseme haya Xining, kabla ya treni, ukiwa umekaa na watu wako peke yenu.

Mijini mambo ni mepesi, ila yana mitego yake. Gugong, kasri la wafalme la Beijing, hufungwa Jumatatu, na tiketi hukatwa mapema kwa namba za pasipoti. Wiki ya kwanza ya Oktoba, likizo ya taifa, usithubutu. Malipo ni kwa simu, kwa hiyo kila mtu aunganishe kadi yake ya benki na Alipay akiwa bado nyumbani, ambako ujumbe wa kuthibitisha unamfikia. WhatsApp haifunguki kwenye intaneti ya hoteli, ila laini ya nyumbani yenye rominge kwa kawaida huifungua. Benki ya umeme (power bank) isiyo na 3C, alama ya usalama ya China, inanyang'anywa kwenye ndege za ndani tangu Juni 2025. Na watu watataka kupiga picha na wageni wako, hasa wenye ngozi nyeusi na nywele za kusuka. Wengine hufurahi, wengine hukasirika siku ya tatu. Waeleze mapema kwamba wana haki ya kukataa, uwafundishe "bú yào", yaani sitaki, na simama karibu na wale wakimya.

Mkitoka Lhasa, mshukie Chengdu. Ukiteremka kutoka uwandani watu hupata usingizi na njaa kwa pamoja, kwa hiyo siku hiyo usiwapangie kitu zaidi ya bustani ya chai. Manunuzi yote yasubiri Guangzhou siku ya mwisho. Ukimruhusu mama mmoja kununua mapazia Beijing, wewe ndiye utakayeyabeba hadi mita 5,072 na kuyashusha.