Kabla hujaagiza makreti: ndege ya kujiundia kwa safari ndefu kutoka Dar

Wadogo zetu mnaoanza, swali lenu la kwanza huwa lilelile: "Ipi inakimbia zaidi?" La pili huwa rangi. Kisha makreti ya vipande vya ndege yanatua bandarini, miaka miwili mitatu inapita mnapiga ribiti, ndege inaruka vizuri kabisa, na safari ya kwanza ya Mwanza inaishia Dodoma kwa sababu mafuta hayakutosha au hayakupatikana. Tumechoka kulieleza hili kwa mmoja mmoja pembeni ya hanga, tena mkiwa mmeshalipia. Anza na njia na mafuta. Kasi itajileta yenyewe.

1. Njia kwanza, brosha baadaye

Kwa mstari ulionyooka kutoka Dar, Dodoma ni kama kilomita 390, Mtwara 400, Arusha 480, Mbeya 690, Mwanza 850, na Kigoma inakaribia 1,080. Bandika namba hizo ukutani kabla hujafungua tovuti ya muuzaji yeyote.

Sasa chukua RV-12 ya Van's, kampuni ya Marekani ya ndege za kujiundia. Tangi lita 75, injini Rotax 912 ULS inayokunywa lita 18 hadi 20 kwa saa, mwendo wa safari kama noti 110, yaani kilomita 200 hivi kwa saa. Kwa hesabu ya darasani una karibu saa nne hewani. Toa akiba ya dakika 45. Najua kanuni ya kuruka mchana kwa macho inaanzia dakika 30, lakini dakika 30 juu ya pori la Tabora huku uwanja una ng'ombe ni muda mfupi sana. Toa na mafuta ya kuwasha, kusubiri ruhusa na kupanda. Zinabaki saa tatu, yaani kilomita 600 hivi. Dodoma, Mtwara na Arusha unafika. Mbeya hufiki bila kutua njiani, na Mwanza usiifikirie. Ni ndege nzuri, ila si ya kazi hiyo.

Hapo upepo bado. Kipindi cha kusi, ukielekea Mwanza upepo unakusukuma mgongoni. Ukirudi unakupiga usoni. Kwa mwendo wa noti 110 na upepo wa noti 20, kwenda ni saa tatu na nusu, kurudi ni saa tano na dakika kadhaa. Tangi huchaguliwa kwa safari ya kurudi.

2. Mafuta: ya aina gani, na yako wapi

Ukiagiza ndege yenye injini ya Lycoming, kama RV-10 na IO-540 yake ya nguvu za farasi 260, umeagiza pia maisha ya kutafuta avgas, petroli maalumu ya ndege. Ni mashine ya safari kweli: tangi lita 227, mwendo wa noti 160 na ushee, lita 42 hadi 45 kwa saa, kwa hiyo Kigoma unafika bila kutua. Swali ni utarudi na nini. Avgas haipo kila kiwanja chenye lami. Piga simu siku moja kabla, uliza lita zilizopo, uliza na nani ana ufunguo.

Rotax inakunywa petroli ya sheli, na kwa nchi yetu hiyo ni faida kubwa. Masharti yapo. 912 ULS inataka oktani ya RON 95 kwenda juu; ile ya farasi 80 inaridhika na 91. Usimwulize kijana wa pampu, soma hati ya mzigo. Pima ethanoli: chukua chupa nyembamba yenye alama, tia maji sehemu moja na petroli sehemu tisa, tikisa, subiri itulie. Mstari wa maji ukiwa umepanda juu ya alama yako, kuna ethanoli. Ukilazimika kutumia avgas mara kwa mara, madini ya risasi yaliyomo yanajikusanya kwenye oili na gia, kwa hiyo badilisha oili kila saa 50 badala ya 100. Dumu liguse bomba la kujazia muda wote unapomimina, na mimina kupitia faneli yenye kichujio cha maji.

Halafu kuna mvuke. Umetua Dodoma saa saba mchana, umezima, umekula chipsi mayai, umerudi baada ya dakika 40. Tangu ulipozima, joto chini ya kava la injini limekuwa likipanda, maana hewa haipiti tena, na petroli iliyo kwenye mipira ya juu ya injini imeanza kuchemka. Unawasha, inawaka vizuri. Unatembea hadi mwanzo wa barabara ya kurukia na sindano ya presha ya mafuta inatetemeka kidogo. Wengi hapo husema "itatulia" na kusukuma gesi. Usisukume: mvuke ukiziba njia ya mafuta, injini inazima. Ukiegesha, fungua kimlango cha oili juu ya kava ili joto litoke. Wakati wa kuunda, mipira yote upande wa injini ivae soksi ya kuzuia joto, na weka njia ya kurudisha mafuta tangini hata kama mwongozo unaiita ya hiari. Kabla ya kuruka washa pampu ya umeme, acha injini izunguke dakika mbili tatu, na sindano isipotulia kabisa rudi kivulini.

3. Uzito

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, na wanaumia polepole kwa kilo moja moja, kila kilo ikiwa na sababu nzuri.

Tuchukue ndege ya mfano ya viti vinne. Uzito wa juu kabisa kilo 950. Brosha inasema tupu ina kilo 490. Zinabaki 460. Tangi la lita 170, kila lita gramu 720, ni kilo 122. Zinabaki 338: watu wanne wa kilo 80 na kilo 18 za mizigo. Injini inakunywa lita 30 kwa saa kwa noti 135, kwa hiyo ukiweka akiba ya dakika 45 unapata zaidi ya kilomita 1,200. Kigoma hiyo! Mwenye ndege analala akitabasamu.

Ila brosha imepima ndege ya kiwandani, iliyo uchi. Hanga ikishaingiliwa na marafiki washauri, mambo yanaanza. Praima, pati na rangi ya tabaka tatu: kilo 10. Viti vya ngozi, zulia na sponji ya kuzuia kelele: 9. Skrini ya pili, otopailoti na nyaya zake: 7. Parachuti ya kushusha ndege nzima: 18. Betri ya akiba: 2. Magurudumu makubwa ya viwanja vya nyasi: 4. Jumla kilo 50, na hakuna hata kimoja ambacho ni anasa ya kijinga. Sasa tupu ni 540, zinabaki 410. Panda watu wanne, kila mmoja na begi la kilo 10, hizo ni 360. Mafuta yamebakiwa na kilo 50, yaani lita 69. Ni saa mbili na dakika 18. Toa akiba, ni saa moja na nusu hivi. Zidisha kwa noti 135 upate kama kilomita 385. Ndege ya Kigoma imekuwa ndege ya Dodoma, tena siku isiyo na upepo.

Kinachofuata ni kishawishi. "Mbona inabeba tu?" Kwenye barabara ndefu ya Dar, usawa wa bahari, alfajiri, itabeba. Lakini ukizidisha uzito kwa asilimia 10, kasi ya kuanguka, yaani ile ambayo chini yake bawa haliwezi tena kuibeba ndege, inapanda kama asilimia 5, na mbio za kuruka zinarefuka kwa asilimia 20 au zaidi. Nguvu zinazobaki kwenye mhimili wa bawa unapopigwa na misukosuko juu ya Uluguru zinapungua pia. Wapo wanaoandika tu namba kubwa zaidi kwenye karatasi, kwa kuwa muundaji ni wao wenyewe. Mhimili wa bawa hausomi karatasi.

Dawa ni ya kuchosha. Nunua mzani wa jikoni na daftari. Kila kinachoingia kwenye ndege kipimwe kabla hakijafungwa, pamoja na nati, nyaya na gundi. Ndege nzima ipime mara mbili, kabla ya rangi na baada yake, kwa mizani mitatu, chini ya kila gurudumu mmoja. Funga milango ya hanga, kwa sababu upepo mdogo tu juu ya bawa unadanganya mzani. Sawazisha kwa pimamaji, jaza oili, na acha mafuta yale tu yasiyoweza kutumika.

Na kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo ndege inasawazika juu yake, mnakipiga hesabu ya kuruka tu! Kwenye RV-10 matangi yapo mbele ya kitovu, hivyo kadiri mafuta yanavyoisha, kitovu kinasogea nyuma. Unaruka ukiwa ndani ya mipaka na unatua ukiwa nje, na mkia unakuwa mwepesi mkononi wakati umechoka. Piga hesabu mbili kila safari, ya tangi lililojaa na ya tangi la akiba.

4. Viwanja vya juu

Dar iko chini ya futi 200. Dodoma iko kwenye futi 3,670 hivi, Arusha na Iringa zaidi ya 4,500. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo kwa nyuzi 32 mchana wa Dodoma, injini na mabawa yanajiona yako futi 6,600. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo farasi wako 100 wamebaki 80. Ndiyo maana Rotax 915 iS yenye tabo, farasi 141 hadi futi 15,000, imependwa haraka kwenye Sling TSi, ndege ya kujiundia ya viti vinne. Kama fedha haifiki huko, ruka saa kumi na mbili asubuhi.

Propela ya pembe isiyobadilika itakunyima ama kupanda ama mwendo. Kwa safari ndefu lipia inayojirekebisha.

Na hizi za matairi manene na mabawa makubwa zinazotua popote, tunazipenda, lakini kwa noti 85 na mabawa mepesi, saa tano za mchana juu ya Singida utatikiswa hadi uisahau njia.

5. Umeme

Injini za kielektroniki kama 912 iS na 915 iS zikikosa umeme zinazima. Zina jenereta mbili kwa sababu hiyo, na kazi yako ni kutoharibu ulinzi huo kwa kuunga nyaya kienyeji. Ile ya kabureta, 912 ULS, inaendelea kuwaka hata betri ikifa. Kwa safari za mbali ambako hakuna fundi wa kompyuta, hoja hiyo ina uzito wake.

6. Kreti la mtumba na chumvi

Makreti ambayo mtu ameanza na kukata tamaa huwa rahisi, na mara nyingi huwa sawa. Ila kwa Van's uliza tarehe ya vipande. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba baadhi ya matundu yaliyokatwa kwa leza yalikuwa yanapata nyufa wakati wa kuyabonyeza kwa ajili ya ribiti bapa, na Desemba mwaka huohuo kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika Marekani. Vipande vya kipindi hicho vikague tundu kwa tundu kwa lenzi, au viache.

Sling zinatoka Johannesburg, jambo linalopunguza kusubiri vipuri. Mwaka 2019 vijana wa sekondari wa Afrika Kusini waliirusha Sling 4 waliyoiunda wenyewe kutoka Cape Town hadi Cairo, kwa hiyo kisingizio cha umri hakipo.

Hapa pwani, piga praima kila bati kwa ndani kabla ya kufunga, hata kama majirani wa kwenye intaneti wanasema aluminiamu ya Alclad haihitaji. Wao hawaegeshi karibu na bahari. Ukitoka Mafia au Zanzibar, osha ndege kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

7. Karatasi

Ongea na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla ya kununua. Ndege isiyo na cheti cha kawaida cha ubora haivuki mpaka kwa haki: kifungu cha 33 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga hakiilindi, kwa hiyo kila nchi unayopita inaombwa kibali chake. Wakala wa forodha mpate kabla meli haijafika, maana gharama za kuhifadhi kontena hazisubiri uelewe.

8. Kabla ya safari ndefu ya kwanza

Namba za matumizi ya mafuta za mwenzako si zako. Jaza tangi hadi ukingoni ndege ikiwa imesawazishwa, nenda Tanga na kurudi, kama kilomita 400, kwa urefu na nguvu utakazotumia safarini. Jaza tena hadi ukingo uleule, gawa lita kwa saa, kisha linganisha na mita ya mafuta kwenye skrini. Zikitofautiana, rekebisha mita na urudie Tanga. Rudia kwa kila tangi peke yake, kwa sababu la kushoto na la kulia mara nyingi hayatoi sawa, na ni bora ulijue hilo ukiwa juu ya Pangani kuliko ukiwa juu ya Ruaha.