Re: Pedeli ya breki laini baada ya kufunga disiki

Mkuu, kama Hilux yako imetolewa dramu za mbele ikafungwa disiki, na pedeli bado inazama kama godoro hata baada ya fundi kutoa upepo kwenye mafuta ya breki, anza na kitu cha bure: chungulia nipo (vichuchu vya kutolea upepo) za kalipa, ile sehemu inayobana disiki. Zinatakiwa kuwa juu kabisa. Zikiwa chini, kalipa ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Upepo unabaki juu humo ndani, na hata umwage mafuta ya breki dumu zima hautoki. Kalipa za mtumba ndiyo zao.

Nipo zikiwa sawa, pampu pedeli harakaharaka. Ikipanda ikawa ngumu, ni upepo, au breki shuu za nyuma (zile zinazobana ndani ya dramu) hazijarekebishwa. Ukiikanyaga ukaishikilia ikashuka taratibu, masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli) imechoka au kuna sehemu inavuja. Isiposhuka lakini inakwenda mbali kabla ya kushika, masta ya zamani ni ndogo. Kalipa zinataka mafuta mengi kuliko silinda za dramu. Tafuta masta ya gari iliyotoka kiwandani na disiki.

Fundi akikwambia "itajikaza yenyewe", hama gereji. Na Sekenke, ule mteremko mkali wa barabara ya Singida, usiishuke nayo hivyo.