Kofi la Kwa Aziz Ali

Mbagala, Jumapili usiku

Mwanangu Shabani,

Salamu kwako, kwa mkwe wangu, na kwa mume wangu Idrisa. Huku sisi wazima. Goti langu ndiyo hivyo, mvua ikikaribia linanipa habari kabla ya watu wa hali ya hewa.

Ile sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara mbili nilianza kukujibu kwa sauti, nikafuta, maana nilijisikia nakohoakohoa kama mtu anayesingizia mafua. Nimemwomba Salma karatasi za daftari lake la chuo, naandika kwa mkono, yeye atapiga picha akutumie. Nimemkataza kusoma. Najua atasoma.

Umesema mlikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kumnunulia Idrisa sare. Ukamwachia mkono uhesabu hela, kugeuka hayupo. Nusu saa nzima. Ukaja kumkuta kwa machinga mmoja wa soksi, amekaa juu ya kiroba, anatafuna muwa, hana habari. Ukamzaba kofi mbele za watu. Usiku mkono ukawa bado unatetemeka, ndipo ukaniuliza: "Mama, siku ile ya mabomu, uliponipata pale Kwa Aziz Ali, mbona kitu cha kwanza ulinipa kofi?"

Nitakujibu. Ila ile siku wewe unaijua kutokea ulikokuwa wewe. Ya kwangu sijawahi kukusimulia.

Ilikuwa Jumatano, Aprili 29, 2009, siku lilipolipuka ghala la mabomu la jeshi huku Mbagala. Ulikuwa darasa la tano. Asubuhi ulikunywa chai na vitumbua viwili vilivyoungua pembeni, kwa sababu vizuri vilikuwa vya wateja. (Niliwalisha vilivyoungua miaka kumi, na hilo hujaniuliza.) Wewe ukaenda shule, mimi nikamfunga Salma mgongoni nikaenda Tandika kununua mchele na nazi za kesho yake. Baba yako alikuwa Tunduma na lori.

Haijafika adhuhuri, tukasikia mshindo. Tukadhani tairi la lori. Ukaja wa pili, mabati ya soko yakalia. Wa tatu, mwenye nazi akaacha kuhesabu. Mtu akapita anakimbia, anasema Mbagala inalipuka. Nazi zangu nne alizokwisha kuzihesabu zilibaki pale pale, na hela yangu pia.

Nikapata daladala mpaka Kwa Aziz Ali. Konda akagonga bodi: "Mwisho hapa mama, mbele hakuendeki." Na kweli. Barabara ya Kilwa yote ilikuwa watu, wanakuja upande wetu. Wanawake wamejifunga kanga moja, mzee kapakiwa kwenye toroli, kijana kabeba televisheni kichwani. Na watoto wa shule. Shabani, siku hiyo ndiyo nilijua sare ni adhabu kwa mzazi. Kila mtoto wa shati jeupe na kaptura ya bluu alikuwa wewe, mpaka ageuke.

Nilikwenda kinyume cha watu, nikafika Mtongani, nikarudishwa, nikaenda tena. Simu hazipatikani. Nilikuwa naita jina lako, na Salma mgongoni naye anaita, anadhani ni mchezo. Akatokea mtu mmoja akasema kuna watoto wamezama mtoni wakati wanakimbia. Sikumuuliza mto gani. Sikumuuliza chochote. Pale pale nikakuzika. Nakueleza ukweli: nilitembea mwendo mrefu nikiwa nimeshakuzika, nikawa nawaza mambo ya ajabu, nitamwambiaje baba yake, sanda nitapata wapi, mchezo wangu wa kupeana hela na wenzangu, zamu yangu ni ya mwezi wa sita.

Alasiri nimekata tamaa, narudi nilikotoka, nikakuona. Umekaa kwenye benchi la fundi baiskeli, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, umeshika kipande cha muhogo wa kukaanga alichokununulia yule fundi. Ukaniona, ukatabasamu, mdomo umejaa.

Nikakunasa kofi. Na neno la kwanza lililonitoka, hili pengine hulikumbuka, nilisema: "Kiatu kiko wapi?"

Yule fundi akasema, "Mama, mtoto mzima huyo, mshukuru Mungu." Nikakaa chini, mchangani, na Salma mgongoni, sikuweza kunyanyuka. Wewe ndiye uliyenivuta mkono. Siku ile walikufa watu zaidi ya 20, wapo mama ambao hawakupata wa kumuuliza habari za kiatu.

Sasa kwa nini kofi? Nimetafuta jibu zuri la kukupa, sina. Saa nne nzima nilikuwa na hofu ambayo sikuweza kuitua popote, kwa sababu nina mtoto mgongoni na nikilia yeye ataogopa. Nilipokuona unakula muhogo, mkono ulikwenda wenyewe. Ungekuwa umelia, pengine ningekukumbatia. Ulitabasamu. Nilikasirika kwamba wewe ulikuwa mzima muda wote ule niliokuwa nakuzika. Najua halina akili. Jana na wewe yamekukuta, kwa hiyo nadhani huhitaji nieleze zaidi.

Na hofu ile haikuanza siku ya mabomu. Ilianza mwaka 2000, una miaka miwili. Usiku ulichemka mwili, macho yakageuka, meno yakabana, mikono ikawa inarukaruka. Degedege. Jirani yetu mmoja, Mungu amrehemu, akasimama mlangoni akasema usimpeleke hospitali, wa dege akichomwa sindano anakufa, subiri nilete mavi ya tembo tumfukize. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyofundishwa, na alikuwa ameshazika watoto wawili, amenizidi. Baba yako hayupo. Mimi nina miaka 21. Nilisimama katikati ya chumba na wewe mkononi, yule ananiambia hivi, kadi ya kliniki inaniambia vingine. Nikatoka, nikagonga kwa muuza mkaa mwenye pikapu. Walikutundikia dripu ya kwinini mpaka asubuhi. Ilikuwa malaria imepanda kichwani. Klorokwini tuliyokuwa tunawapa nyumbani ilikuwa imeshaanza kushindwa, mwaka uliofuata serikali ikaiondoa, ikaja dawa ya SP, na dawa ya mseto ikaja baadaye.

Ulipoamka ukaomba uji. Tangu asubuhi ile sijawahi kulala usingizi mzito, hata leo una mke.

Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Waliosema walikuwa na mtoto mmoja, au walikuwa hawakai nyumbani. Wewe na Salma mmekula chungu kimoja, wewe ukitumwa chumvi unarudi na chumvi na chenji, Salma akitumwa chumvi anarudi na habari za mtaa mzima, chumvi kasahau. Sikumlea kusahau.

Najua pia unataka kuuliza mbona Salma hakuchapwa kama wewe. Hujauliza, lakini mkeo ameniambia huwa unalisema. Ni kweli. Nilikuwa nimechoka, kwanza. Ukiamka saa tisa usiku kukoroga vitumbua miaka kumi na tano, mkono wa kuchapa unakwisha. Na hela zilikuwa na afadhali. Wewe kila kitu kilikuta mlango umefungwa: ulipoanza darasa la kwanza ada ya msingi ilikuwa imefutwa, lakini michango ya dawati, ya mlinzi, ya mitihani ilikuwa palepale. Sekondari nikakulipia 20,000 kila mwaka, ukamaliza kidato cha nne 2015, Januari 2016 ada ikafutwa. Mwenzio kaingia 2019 mikono mitupu. Mtoto wa kwanza analelewa na mtu anayedaiwa na anayeogopa. Wa pili anamkuta mtu huyo huyo amepungukiwa madeni.

Lakini Shabani, umeniuliza kofi ambalo silo.

Unakumbuka ile elfu moja ya mchezo? Ulikuwa darasa la nne, Ramadhani imekaribia. Niliiweka juu ya kabati, nikarudi haipo, na aliyekuwa ndani ni wewe. Ukaapa hukuichukua. Nikachuma fimbo ya mpera. Nilikuchapa miguuni, ukaapa tena, nikaongeza, kwa sababu sasa ulikuwa mwizi na mwongo. Mwisho ukasema, "Nimechukua mama, nimenunua barafu." Nikaacha. Nikaona nimekufunza.

Jioni nikafua ile kanga niliyokuwa nimejifunga asubuhi. Pindoni kuna fundo. Nikalifungua, elfu moja ile ile, imelowa.

Sikukwambia. Nilikuwa na uwezo wa kukwambia pale pale, ulikuwa umekaa mlangoni unapaka mate miguuni. Niliianika ile noti nyuma ya mlango, na kesho yake, siku ya kazi, nikapika wali kwa kuku. Ukauliza kuna mgeni? Nikasema hapana, kula.

Kofi la Kwa Aziz Ali naweza kulisema mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya yule fundi baiskeli. Fimbo ya mpera siwezi. Hofu sikuwa nayo siku ile. Nilikuwa na haraka tu, na uhakika. Na nikakulazimisha useme uongo ili nipumzike. Kwetu radhi anaomba mtoto kwa mzazi, sijui mzazi anatumia maneno gani. Nisamehe, mwanangu. Nimechelewa miaka 17.

Uliuliza pia mwishoni, kama mtu anayetania, kama kulea kunalipa. Hela ya gesi unayonitumia nashukuru, lakini hiyo ni gesi.

Baada ya mabomu ulianza tabia moja. Kila usiku kabla ya kulala ulikuwa unapanga viatu vyetu wote mlangoni, pua zimetazama nje. Vyangu, vya Salma, vyako, na vya baba yako hata akiwa safarini. Mimi niliona ni usafi, nikakusifia. Ilifika Februari 16, 2011, usiku, mabomu ya ghala la jeshi la Gongo la Mboto. Ile milio Mbagala tuliisikia kama iko uani, na mtaa mzima ukatoka mbio kwa sababu tulishajua. Mimi nilisimama kitandani, miguu imegoma. Wewe, una miaka 13, ulikuwa umeshamweka Salma mgongoni, umeshamvalisha ndala, umeshika mlango. Ukasema, "Mama, viatu viko hapa. Vaa, tusikimbie, tutembee."

Tukatembea. Watu wanatupita mbio, wengine pekupeku, sisi tunatembea na viatu. Ulinishika mkono mpaka barabarani, na mkono wako haukuwa unatetemeka. Nilikutazama mgongoni vile ulivyombeba mdogo wako, umeinama kidogo upande wa kushoto, ndivyo ninavyobeba mimi. Hakuna aliyekufundisha. Nikasahau mabomu, Shabani, Mungu anisamehe. Nilikuwa nakutazama wewe.

Jibu langu ndilo hilo. Kama halitoshi, utakuja tuzungumze.

Kuhusu Idrisa, usimnunulie kitu cha kumbembeleza. Mimi nilipika kuku na haikusaidia. Mwambie baba alikupoteza akaogopa, basi, kwa maneno hayo hayo. Atakuuliza baba naye anaogopa? Mwambie ndiyo. Halafu mfundishe namba yako ya simu aiimbe kama wimbo, na ya mama yake, na akipotea asitembee, asimame kwa mama anayeuza kitu. Machinga wa soksi alimkalisha, akampa muwa. Nenda kamshukuru. Mimi yule fundi baiskeli nilikwenda kumtafuta baada ya wiki mbili na vitumbua, vizuri, visivyoungua, nikaambiwa kahamia Chamazi.

Nimechoka kuandika, na Salma anazungukazunguka hapa kama paka aliyenusa samaki. Jumapili ijayo njooni wote. Mkeo aje na nazi mbili, za huku siku hizi zimekuwa maji matupu.

Na umwangalie Idrisa viatu vyake vile vyeusi. Juzi nilimwona anavyokanyaga, vinambana.

Mama yako