Usimwage Yale Maji

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ulirudi kutoka kazini usiku umechoka, ukapika spageti ya kitunguu saumu na mafuta, ile Waitaliano wanayoiita aglio e olio, ikatoka kavu, chungu, na mafuta yametuama chini ya sahani. Unauliza ulikosea wapi, wakati vitu vyenyewe havizidi vinne. Ndiyo taabu yake hiyo: kosa halina pa kujificha.

Uchungu ni kitunguu kilichoungua. Ulingoja mafuta yachemke ndipo ukakitia, nakujua. Safari hii weka kwenye kikaango baridi vijiko viwili vya mafuta ya zeituni, punje mbili za kitunguu saumu ulizokata vipande vyembamba na pilipili kavu kidogo, halafu ndiyo uwashe moto mdogo. Vipande vikianza tu kugeuka manjano, epua. Ukingoja viwe kahawia umechelewa, maana mafuta ya moto huendelea kuvipika hata jiko likiwa limezimwa.

Sasa ule ukavu. Maji ya kuchemshia uliyamwaga yote kwenye sinki, sivyo? Basi ulimwaga mchuzi. Hata mimi niliyamwaga miaka mingi, nikidhani ni uchafu. Spageti inapochemka hutoa wanga, na wanga huo ndio unaofanya maji na mafuta yakubaliane. Kawaida gramu 100 za spageti, kiasi cha mtu mmoja, huchemshwa kwa lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi. Mimi maji nayapunguza ili yawe mazito, na chumvi naipunguza pia, kwa kuwa maji hayo nitayala. Usiyatie mafuta, yataelea juu bure.

Pakiti ikisema dakika 9, wewe toa dakika ya 7. Onja: jino likute kiini kigumu kidogo. Ihamishie kwenye kikaango, ongeza upawa mmoja wa yale maji, pandisha moto, kisha geuza kwa uma bila kupumzika. Mwanzo utasikia maji yakichacharika. Baada ya dakika moja au mbili sauti inakuwa nzito, na ukiinamisha kikaango huoni tena madoa ya mafuta, unaona urojo mwembamba unaong'aa umeshika kila uzi. Zima. Ikikaukia, kijiko kingine cha maji kinatosha.

Jibini? Watu wa Napoli kule Italia, wenye chakula chao, kwa kawaida hawaitii humo. Wewe ukitaka tia, uko kwako, nani atakuona.

Ila ule papo hapo, ingali na moto, hata kama ni kwenye kikaango chenyewe. Ikipoa inagandamana. Simu ya kazini ikilia, iache ilie.

Mama yako