Lamu hadi Kiwayu kwa mashua: tazama mwezi kwanza

Aleikum salaam ndugu yangu. Umesema mlikwama Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mkielekea kisiwa cha Kiwayu, na wapanga tena siku nne mwezi wa Januari. Kabla ya kutafuta nahodha, tazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana, hutoka sana pia. Mkanda pita maji yakijaa. Sisi tulichelewa kung'oa nanga Lamu, tukakaa juu ya mchanga mpaka maji yakarudi, watoto wana njaa. Tangu hapo nauliza saa ya maji kwanza, bei baadaye. Januari ni kaskazi, upepo watoka kaskazini-mashariki, mtakwenda bisho, yaani kuukabili upepo. Laleni Mtangawanda au Faza, kisiwani Pate njiani, msilazimishe. Kurudi upepo utawasukuma. Maji ya kunywa chukueni Lamu, ya siku zote nne.