Nimepunguzwa kazini, rekodi yangu ya mikopo nitailindaje?

SWALI: Nimepunguzwa kazini na akiba yangu ni ndogo. Nina mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara, pia kadi mbili za mkopo, moja ikiwa haina deni. Je, kukosa kazi kunashusha alama zangu za mikopo? Nianze na lipi?

JIBU: Pole sana. Kukosa kazi kwenyewe hakushushi alama. Katika FICO, mfumo wa Marekani wa kukokotoa alama za mikopo, kwa mfano, historia ya malipo hubeba asilimia 35 ya alama na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Mshahara na ajira havimo kabisa.

Wasiwasi wangu uko kwenye mkopo wa mshahara. Makato yamekoma, hakuna anayekulipia, na benki inaweza kukaa kimya huku siku za kuchelewa zikihesabiwa. Iandikie kabla tarehe ya rejesho haijapita, ambatanisha barua ya kuachishwa kazi, kisha omba upangiwe marejesho upya au ulipe riba tu kwa miezi michache. Ukisubiri hadi siku 90 zipite bila malipo, kwa kawaida utakuwa umeingizwa kwenye mikopo chechefu (ile isiyolipwa ipasavyo), na hapo nafasi ya kujadiliana hupungua sana.

Wakikubali, dai maandishi yanayojibu mambo mawili: riba itaendelea kulimbikizwa katika kipindi hicho? Na taasisi ya taarifa za mikopo, inayotunza rekodi za wakopaji, itaambiwa nini, kwamba unalipa kama mlivyokubaliana au kwamba umechelewa? Maneno ya afisa mikopo kwenye simu hayatakufaa siku ukitaka taarifa isiyo sahihi irekebishwe.

Soma pia kipengele cha bima ya mkopo. Nyingi hugharamia kifo na ulemavu tu, ila zipo zinazolipa marejesho kwa muda mkopaji anapopunguzwa kazini (aliyejiuzulu kwa kawaida hanufaiki). Wengi wamekatwa ada yake bila kujua wanayo. Angalia muda wa mwisho wa kudai.

Kwenye kadi yenye deni, lipa angalau kiwango cha chini kila mwezi. Ile nyingine usiifunge, kama haina ada kubwa. Ukidaiwa 40 katika kikomo cha jumla cha 100, umetumia asilimia 40. Funga kadi yenye kikomo cha 50 na deni lilelile linasomeka asilimia 80, jambo linaloweza kushusha alama.

Na tafadhali, usichukue mikopo ya haraka ya simu ili kulipa benki. Baada ya miezi miwili hivi ya mpango mpya, omba ripoti yako kwenye taasisi ya taarifa za mikopo, uilinganishe na barua ya benki. Zikitofautiana, wasilisha pingamizi kwa maandishi kwa taasisi na kwa benki, barua hiyo ikiwa kiambatanisho.