Uzoefu wetu nao upimwe

Swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini wanawake wengi wenye stashahada, wakipoteza kazi wakiwa na miaka 40 na ushei, hawapati nyingine. Mimi ni mmoja wao, na jibu langu ni kwamba tunachujwa kabla mtu hajatuona.

Nina stashahada ya uhasibu, ile ya miaka miwili baada ya kidato cha sita. Nilianza kaunta ya benki enzi ambazo kila mwisho wa mwezi foleni ilifika nje ya mlango. Noti bandia niliijua kwa kidole gumba kabla haijapita kwenye mashine. Jioni hesabu ikigoma, hata kwa shilingi 500, hakuna aliyeondoka mpaka ipatikane, na mara nyingi mimi ndiye niliyeitwa kuitafuta. Vijana wenye shahada wakiajiriwa, waliletwa kwangu niwafundishe. Baadaye mawakala na miamala ya simu wakaichukua ile foleni, tawi likapunguza watu, na tulioanza kuondoka ni sisi wa stashahada.

Wanaume tulioanza nao kaunta walisoma shahada jioni. Sisi saa hizo tulikuwa tunawahi watoto. Hilo halionekani popote kwenye fomu ya maombi.

Sasa kazi ileile niliyokuwa nawafundisha wengine inatangazwa kwa wenye shahada tu. Serikalini, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanataka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari kazini serikalini. Tunaambiwa turudi shule. Kutoka stashahada kuingia shahada kunahitaji wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0, na Bodi ya Mikopo haimkopeshi aliyevuka miaka 35. Ada itoke wapi, na mwanangu naye yuko bweni?

Wengine wanasema tujiajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, na hesabu inakomea miaka 10. Kwa kiwango hicho, aliyetumika miaka 10 na aliyetumika 18 wote wanaondoka na mshahara wa siku 70. Huo ndio mtaji tunaoambiwa tuanzie biashara, na ndio huohuo unaolipa kodi ya nyumba na ada ya muhula unaofuata. Inaniuma kuona mama aliyeshika fedha za watu miaka yote hiyo bila upotevu akiitwa mvivu kwa sababu hajafungua genge.

Ninachoomba kipo tayari kwa mafundi. Seremala aliyejifunzia mtaani hupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti. Utaratibu kama huo ufike maofisini. Niwekeeni hesabu iliyogoma, mimi na mhitimu wa shahada, mtupime wote wawili. Na waajiri waandike kwenye matangazo yao: shahada, au stashahada yenye uzoefu. Maneno hayo machache yangetuingiza wengi kwenye usaili.

Msomaji wenu, Morogoro